Pole ya Mwokoaji

Mkula ni kijiji kilichokaa chini ya milima ya Udzungwa, katika njia itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Juu yake kuna msitu, ambao tangu mwaka 1992 ni hifadhi ya taifa. Chini yake yapo mashamba ya miwa na mpunga, na baada ya mashamba lafunguka bonde la Kilombero, ambalo masika yakishika hugeuka bahari isiyo na chumvi. Sisi wa visiwani tukisikia neno mafuriko hudhani ni jambo la siku mbili, maji yajae Mwanakwerekwe kisha yashuke. Kule maji hukaa.

Tumfikirie mtu mmoja wa kijiji hicho. Simpi jina kwa kuwa simkusudii mtu mmoja. Wa namna yake ni wengi. Ana gari dogo ambalo mchana huchukua abiria na magunia ya mpunga. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwezi wa Aprili 2022, unawategemea watu kama yeye. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipatwa na hatari, hupigwa namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali au halipo kabisa, huitwa dereva wa karibu aliyekwisha kuandikishwa. Basi saa nane za usiku simu yake inalia. Mwanamke amejifungua na damu haikatiki. Analazwa kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya mama yake. Muuguzi wa zahanati anapanda mbele, au hapandi, kwa kuwa akipanda zahanati itabaki bila mtu. Dereva anashika njia ya Ifakara, macho barabarani na masikio nyuma. Kwanza anasikia kilio, kisha dua, kisha kimya, na kimya hicho ndicho kinachomfanya azidi kukanyaga mafuta. Hospitalini mgonjwa anapokewa, mlango unafungwa, na ujumbe unaingia katika simu kwamba dereva amelipwa. Anarudi. Kunapambazuka, anateka maji ya kijito kitokacho mlimani, anaosha kiti.

Katika hesabu ya dunia kazi yake imekwisha. Swali langu ni juu ya kile kinachobaki baada ya kiti kutakata. Ni cha nani? Ni mali yake peke yake, aibebe kimya kama mwanamume na kama mtu aliyelipwa? Au sisi sote ambao usiku huo tulilala tuna fungu letu ndani yake?

Siku hizi kitu hicho kimepewa jina la msongo wa mawazo. Sina ugomvi na wataalamu, lakini jina hili hunitia shaka kidogo, na wapenzi wa lugha wataniwia radhi nikisimama hapo. Kusonga ni kubana na kukandamiza. Ugali husongwa, nywele husongwa, na watu wakijaa mlangoni husongamana. Upande huo wa jina ni wa kweli tupu. Taabu iko katika hayo mawazo. Mtu aliyevuta maiti majini hasumbuliwi na wazo. Anasumbuliwa na viganja vyake, ambavyo vinakumbuka ubaridi wa ngozi. Anasumbuliwa na harufu, na mlio wa kitu kidogo kama mlango wa gari unaofungwa. Lugha yetu ilikwisha kuwa na maneno ya hali kama hiyo: kihoro, jitimai, simanzi, fadhaa. Hakuna hata moja kati yake linalomwambia mtu kwamba amewaza vibaya. Yanamwambia kwamba amepatwa. Nayo tofauti hii si ya makamusi tu, kwani ukimwambia mtu kwamba maradhi yake ni mawazo, dawa utakayompa itakuwa ni kumwambia aache kuwaza.

Wenzetu wa Ulaya walipita njia hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1915 daktari Charles Myers wa jeshi la Uingereza aliandika katika jarida la Lancet habari za askari waliopoteza kuona, kunusa na kukumbuka baada ya mizinga kupasuka karibu nao. Ikadhaniwa mwanzoni kwamba mtikisiko wa baruti ndio uliowavuruga. Ilipodhihirika kwamba hata wasiokaribiwa na mzinga walikuwa wakitetemeka, wengi wakaliona jambo kuwa ni woga. Katika vita hivyo askari 306 wa upande wa Uingereza walipigwa risasi kwa amri ya mahakama za jeshi lao wenyewe, kwa utoro, kwa woga na kwa makosa yanayofanana na hayo. Msamaha ulitolewa mwaka 2006, wakati hata wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani, waliofunzwa na vita vya Vietnam, waliliingiza jeraha hili katika kitabu chao cha maradhi. Tangu hapo halikuwa tena la askari tu. Limehesabiwa kwa wazimamoto, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa, na kila ambaye kazi yake ni kufika pale ambapo wengine wanapakimbia.

Ikabuniwa na dawa. Katika miaka ya 1980 ulienea, kuanzia Marekani, mtindo wa kuwakusanya waokoaji siku chache tu baada ya msiba, kila mmoja asimulie alichokiona na alichokihisi, kisha warudi kazini wakiwa wametua mzigo. Ulionekana mtindo wa huruma na wa akili. Watafiti walipoupima baadaye, walikuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakikuwakinga watu, na baadhi yao walizidi kuumia. Nilipolisoma jambo hili lilinishangaza, kisha likaacha kunishangaza. Sisi tunajua matanga ni nini. Mfiwa hakalishwi katikati ya watu akaambiwa asimulie jinsi roho ilivyotoka. Watu huja wakakaa. Kahawa hupita, wazee huzungumza habari za bei ya samaki na mvua iliyochelewa, kina mama hupika nyuma, na mwenye msiba husema akitaka, hunyamaza akitaka. Kinachomshika ni wingi wa watu waliokaa naye, na ile hakika kwamba hadi siku ya tatu hataachwa kula peke yake.

Lakini matanga yana mlango, na mlangoni huulizwa swali moja: wewe nani wa marehemu?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Hakuna msomaji wa visiwani anayehitaji kusimuliwa. Nitakumbusha tu kwamba miongoni mwa waliotoka kwenda kuokoa walikuwamo wavuvi wa kawaida na vyombo vyao, watu ambao jana yake walikuwa wakivua changu. Viwanjani Maisara zililetwa maiti zitambuliwe na jamaa zao, na walikuwapo watu waliozipokea, wakazifunua na kuzifunika tena, kila alipofika mama mwingine anayetafuta. Haikutimia hata mwaka, Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe. Si ajabu kama baadhi ya mikono iliyovuta watu Septemba ilirudi kuvuta tena Julai. Katika misiba yote miwili wafiwa walikuwa na matanga yao. Yule mvuvi hakuwa na matanga. Alirudi nyumbani, akawekewa chakula, na pengine akaulizwa mbona hali. Hakuwa na marehemu wa kumtaja. Alikuwa nao kumi, na hakumjua jina hata mmoja.

Wanavyuoni wa fiqhi wamezigawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi ya aini, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano. Na iko faradhi ya kifaya, inayoulazimu umma mzima kwa pamoja: kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika. Wakitokea wa kutosha wakaitimiza, wengine wameondokewa na dhambi. Asipotokea mtu, wote wamekosa. Imamu Ghazali aliuhesabu utabibu katika fungu hili la pili, na sioni kwa nini uokoaji usiwemo. Ni mgawanyo wa hekima, maana bila ya huo ama kila mtu angelazimika kuacha shamba lake akimbilie kila ajali, ama hakuna ambaye angelazimika kwenda.

Hata hivyo naona tumezoea kuisoma nusu ya sheria hii. Tunashika kwamba wengine wameondokewa, tunasahau kuuliza wameondokewa na nini. Dhambi imetoka. Je, na uhusiano umetoka? Mtu akinilipia deni, mdai hana tena la kunidai, lakini kati yangu na aliyenilipia kimezaliwa kitu ambacho jana hakikuwapo. Dereva wa Mkula alikwenda kwa niaba ya kijiji. Kama asingekwenda, kila mwenye gari, na kila mwenye mabega ya kubeba machela, angekuwa ameachwa na dhambi ya damu ile. Kijiji kimeamka na usafi wake kwa sababu mtu mmoja ameamka na kiti cha kuosha.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo ina nguvu. Watasema: kazi hii inataka moyo mgumu. Nahodha akilia, nani atashika usukani? Mgonjwa anayetokwa na damu hahitaji dereva mwenye simanzi, anahitaji dereva anayejua mashimo ya barabara. Tena mtu ameichagua kazi, na mshahara anapokea. Asiyeweza joto la jiko na atoke jikoni.

Kuhusu moyo mgumu, nakubali zaidi ya wanavyodhani. Muuguzi anayefanya mzaha chumba cha pili baada ya kifo si mtu asiye na utu. Ugumu wake ni zana, kama glavu. Taabu ni kwamba glavu huvuliwa na huu hauvuki kwa urahisi, na mwenye kuuvaa usiku kucha huja nao nyumbani, akamshika nao mwanawe. Tunaposema fulani ni jasiri, hajali kitu, aghalabu tunamsifu kwa kushindwa kwake kuvua.

Na hilo la kuchagua? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima. Baadaye yalizuka mabishano kuhusu nani hasa aliyefungua mlango wa nyuma. Hilo haliingii katika hoja yangu. Ninaloliangalia ni kwamba alijaribu pia kuwafikia marubani, hakufanikiwa, akazirai na kuzindukia hospitali. Kwa agizo la Rais akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tendo jema, na nchi ilifurahi. Lakini tazama mpangilio wake: msiba ulimchagua kwanza, kazi ikaja baadaye. Ndivyo ilivyo kwa wengi. Mvuvi huchaguliwa na ukaribu wa mtumbwi wake, dereva huchaguliwa na kuwa na gari. Hata aliyesomea kazi hii hakuchagua usiku. Wauguzi wa Morogoro hawakuichagua tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, waliokufa wakaja kuzidi 100. Nje watu walikuwa wakibishana kama walioungua walikuwa wezi wa mafuta. Ndani hapakuwa na nafasi ya mabishano hayo. Palikuwa na ngozi za kusafishwa. Mwokoaji hubeba hata wale ambao sisi tumekwisha kuwahukumu.

Mshahara nao unanunua kazi ya mtu na saa zake. Sidhani kama umewahi kununua ndoto zake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo zito kuliko yote. Tunadhani kinachomsonga mwokoaji ni damu. Wanaoijua kazi hiyo husema mara nyingi kwamba damu huzoeleka. Kisichozoeleka ni kujua lililopasa kufanywa, ukashindwa kulifanya kwa kukosa kitu cha kipuuzi. Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Andrew Jameton, aliyeandika juu ya maadili ya wauguzi mwaka 1984, aliitenga taabu hii na nyingine zote: mtu anaijua haki, na mpangilio wa mahali pake pa kazi unamfungia njia. Chupa ya damu haipo. Gari lipo, mafuta hayapo. Muuguzi ni mmoja, wagonjwa wawili. Huyo akilala usiku haoni jeraha la mgonjwa, huona saa ya ukutani.

Wakazi wa Ulanga na Malinyi wanalielewa hili bila kusoma falsafa. Kwa miaka mingi mtu atokaye Mahenge na mgonjwa wake kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, alikuwa mkononi mwa kivuko na hali ya mto. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa dhoruba mtoni humo. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja, lenye mita 384, lililopewa jina la Rais Magufuli. Hutajwa kwa faida yake katika biashara ya mpunga, na ni haki. Mimi naliona pia kama dawa ya akili. Yupo muuguzi ambaye hatakaa ukingoni usiku mzima akimwona mgonjwa anakwisha na taa za Ifakara ziko ng'ambo. Jeraha ambalo angelipata halikupatikana, na hakuna daftari la hospitali yoyote litakaloandika kwamba fulani hakuumia. Ukiniuliza namna ya kutuliza msongo wa waokoaji, kabla ya kutaja washauri nasaha, ambao ninawaheshimu, nitataja mafuta katika tangi, muuguzi wa pili katika zamu, na barabara isiyozama.

Hapa ndipo ninapokosana na neno uvumilivu kama tunavyolitumia. Uvumilivu ni fadhila. Hilo tumelelewa nalo, na sisemi kinyume. Lakini ni fadhila ya namna ya pekee: hupendeza mtu anapojidai mwenyewe, na hugeuka dhuluma anapodaiwa na yule ambaye angeweza kumpunguzia mzigo. Mama aliyefiwa akisema "navumilia", tunainamisha vichwa. Mkubwa wa kazi aliyeshindwa kupeleka glavu akimwambia mkunga "vumilia", ametumia neno tukufu kufunika upungufu wake. Wahenga walilijua hili waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wengi huitaja methali hii kama shutuma kwa mtu mwenye roho mbaya. Mimi huisoma kama maelezo ya macho: kutoka mbali, kanda la mwenzio kweli laonekana jepesi, na hata mwenye roho nzuri ataliona hivyo mpaka alishike upande mmoja.

Kulishika upande mmoja kunaweza kuwa jambo dogo sana. Narudi kwa dereva wangu wa Mkula. Katika maelezo yangu ya usiku wake nimeacha kitu kimoja makusudi: sikusema kama yule mwanamke alipona. Sikusema kwa kuwa na yeye hakuambiwa. Alifunga safari mlangoni, na habari ikabaki ndani. Ujumbe wa malipo ulimfika. Ujumbe wa mgonjwa si wa mtu yeyote kuupeleka. Pengine atakutana na ndugu wa mwanamke gulioni wiki ijayo, asome usoni mwao kabla hawajasema. Pengine hatakutana nao, na kila apitapo penye ile nyumba atatazama kamba ya nguo kama zimeanikwa nepi. Simu moja ya asubuhi kutoka wodini, hata ya habari mbaya, ingemwondolea nusu ya kanda. Mpango wenye uwezo wa kuhesabu kilomita zake hauwezi kushindwa na hilo.

Na iko pole. Kwetu pole haimngojei mfiwa wala mgonjwa. Hupewa hata mtu apitaye na jembe begani, pole na kazi. Haiulizi wewe nani wa marehemu. Tumewapa waokoaji pongezi, vyeti, na mara nyingine ajira, mbele ya kamera. Pongezi humwambia mtu amefanya. Pole humwambia amepatwa. Anayezirai majini akazindukia hospitali anastahili zote mbili, na ya pili haihitaji bajeti.

Lakini hata pole yataka nafasi ya kuingilia, na salamu zetu, kwa uzuri wake wote, huifunga nafasi hiyo upesi. Habari hujibiwa njema. Umeamkaje hujibiwa salama. Hata nyumba ikiwa imeungua, mtu wa adabu huanza kwa njema, kisha, kama yule wa mbele hajakwisha kupita, huongeza neno moja fupi: ila. Njema, ila tumepata msiba. Salama, ila mtoto hakulala. Ukweli wote wa Mswahili hukaa nyuma ya neno hilo, na wenye haraka hawausikii.

Jua limeanza kugusa vilele vya Udzungwa. Dereva amechuchumaa kando ya gari, mlango wa nyuma wazi, ndoo ya pili ya maji imekuwa na rangi ya chai. Bibi mmoja jirani anapita kwenda shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama, bibi," anasema, na mkono wake unaendelea kusugua. "Salama tu. Ila..."

Bibi anashusha jembe.